Kibali cha Povu

Karakana ya Kutia Rangi Vitambaa,
Kando ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo sikuandika. Habari za huko uliko? Magoti yanaendeleaje, bado yanakutangazia mvua kabla ya redio? Na wajukuu, wameshazoea kukuamkia, au bado wanakupungia mkono tu kama wanaaga basi? Sisi huku tu wazima. Mkweo mzima, anakula na kukoroma vilevile. Mama hajambo, macho ndiyo yamepungua, lakini mtu akipita na bahasha anataka kujua kama ni barua yako.

Mimi nami ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayoumwa, na kwa kuwa hakuna duka la dawa linalouza dawa yake, nimeona nikuandikie wewe.

Umeiona hiyo anwani hapo juu? "Kando ya Kiwanda cha Sabuni." Mimi nilifika hapa kwanza, Mama Mdogo. Mapipa yangu yalikuwa yanachemka wakati mdogo wangu bado ni msichana wa kuja kuniomba nauli. Leo mtu wa posta ananiambia eti nisipotaja kiwanda chake barua zangu zitapotea. Basi nimekitaja, huku meno nimeyauma.

Sasa habari yenyewe. Povu amepata kibali. Najua wewe bado unamwita mdogo wangu kwa jina alilopewa alipozaliwa, lakini tangu aanze kupika sabuni mtaa mzima unamwita Povu, na yeye anaitika kwa furaha.

Kibali gani, utauliza. Siku hizi biashara yoyote inayomwaga maji machafu au kutoa moshi lazima iwe na kibali cha ofisi ya mazingira. Wanakuja, wanapima, wanakuandikia uchafu wako ni kiasi gani unaoruhusiwa kutoka, wanagonga muhuri. Asiye nacho, mwisho wa mwezi huu anafungiwa. Wala si maneno ya kutishana. Fundi betri wa pale kona ameshafungiwa. Mlango wake umezungushiwa utepe mwekundu, na yeye mwenyewe ametoa kiti nje, anakaa kuutazama.

Hebu fikiria. Ofisi nzima imekaa kitako, ikauangalia uchafu wa Povu, ikasema huu unakubalika. Ikauangalia wangu, ikasema huu haukubaliki. Uchafu, Mama Mdogo! Darasani alinishinda, nikasema sawa, ana kichwa. Kwa urefu alinishinda, nikasema huo ni wa baba. Lakini hata kwa uchafu?

Kibali chenyewe amekitia kwenye fremu yenye ukingo wa dhahabu na kukitundika ofisini kwake getini, juu ya kiti cha wateja, mtu asiweze kununua hata kipande cha sabuni bila kukisoma. Mimi nimekisoma. Nilijifanya nimekwenda kuazima ngazi. Karatasi nene, ina nembo, jina lake lote limeandikwa kwa herufi za kukolea, na chini wamesema anaruhusiwa "kutiririsha." Nilirudi kwangu nimeisahau ngazi.

Tangu siku hiyo donge limenikaba. Mwalimu mkuu anayenipa vitambaa vya sare nitie bluu alikuja kuchukua mzigo wake, akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nami ninayo ile karatasi ya ndugu yangu. Nikamwambia iko njiani. Iko njiani wapi? Nilitamani mapipa yote yapasuke.

Usije ukadhani maji yangu ni sumu ya panya. Ni rangi, chumvi na magadi. Ni kweli mfereji unabadilika, watu wa mtaani wakiutazama tu wanajua leo nimepokea kazi gani. Ni kweli bata wa fundi baiskeli alitoka humo na miguu ya zambarau, fundi akaja kunilalamikia mlangoni kana kwamba nimemlemaza mtoto. Bata mwenyewe alipendeza. Na, haya, ni kweli pia kwamba akina mama wa bustani za bondeni, nikitia nyeusi, hawamwagilii mboga siku hiyo. Hilo silifurahii. Huwa napita njia nyingine nisikutane nao.

Afisa anayekuja kupima tunamwita Bwana Pua, kwa sababu kabla hajafungua mkoba hunusa kwanza. Kijana mwembamba, ana chupa ya kioo, anainama mferejini anachota, anainyanyua juani na kuitazama. Ya Povu aliitazama akatabasamu. Yangu aliitazama akavuta pumzi. "Mama," akasema, "huna mahali pa kutulizia maji. Yanatoka kwenye pipa yanaingia mtaani."

Povu anapo. Amejenga shimo kubwa lenye vyumba vitatu. Maji yake ya sabuni yanaingia cha kwanza yanatua, yanapita cha pili kwenye mchanga na mkaa, cha tatu yanatoka meupe. Na unajua kwa nini ameweza? Kwa sababu kiwanja chake kiko bondeni, udongo laini, maji yanateremka yenyewe. Unakumbuka baba alipogawa ardhi akaniambia nichague kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa? Nikachagua juu, barabarani, palipo pakavu. Povu akapewa kinamasi, na mimi nikamwonea huruma! Sasa kinamasi chake kina fremu ya dhahabu.

Mimi nami nimechimba. Niliondoa kamba za kuanikia, nikaweka vibarua, wakachimba mpaka viunoni, wakagonga mwamba. Tukahamia kona nyingine, mwamba. Mkweo akasimama ukingoni na kikombe chake cha chai, akaniambia labda niombe kibali cha kuchimba kokoto. Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

Kisha Bwana Pua akaniletea wazo lake. Eti yule jirani wa chini shimo lake ni kubwa kuliko maji yake, tukiomba pamoja ofisi itatoa kibali kimoja chenye majina mawili. Nikamwambia huyo si jirani, ni mdogo wangu, tumbo moja. Akafurahi kweli. "Basi ndiyo rahisi!" Rahisi. Kijana huyu hajawahi kuwa na mdogo.

Povu naye, kama waliambizana, akanitumia ujumbe wa simu: "Dada, leta maji yako huku, shimo linapokea." Leta maji yako! Mimi niliyemfunga kamba za viatu ndiye wa kubebewa uchafu na yeye? Jina langu liandikwe chini ya lake, watu wasome? Nikamjibu kwamba nitajenga langu. Tangu hapo tunaamkiana kwa vichwa tu.

Na kinachonichoma zaidi si karatasi, acha nikuambie ukweli. Ni mama. Yuko kwa Povu kwa sababu kwangu kuna ngazi na mvuke wa mapipa unamkohoza. Nimelikubali hilo. Lakini jioni, ninapoanua vitambaa, naona kule ng'ambo ya uzio Povu amemkalisha mama uani anamchana nywele, na mama anacheka. Sijui wanachekea nini. Nikienda mimi, mama ananiuliza kama nimekula. Basi. Na mimi ndiye ninayenunua dawa za presha, ndiye ninayempeleka kliniki, ndiye niliyezaliwa kwanza! Nasimama pale na shuka lenye rangi mbichi mikononi, natazama wenzangu wakicheka, mpaka rangi inanichuruzika miguuni.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni moja. Mpigie mama simu umwambie aje akae kwangu, hata kwa muda mfupi. Nitamfanyia chumba chini, hakuna ngazi. Najua wewe nawe ni mdogo wa mtu, na nyinyi wadogo mnateteana kama mna chama chenu na kadi mmekatiana. Lakini safari hii simama upande wangu.

Alhamisi, tarehe 27.

Mama Mdogo, usishangae kuona kalamu imebadilika. Barua hii sikuituma. Niliibana chini ya kopo la magadi nikisubiri kwenda posta, na nashukuru sikwenda. Hayo ya juu sikuyafuta, maana niliyaandika nikiwa nayahisi. Soma sasa yaliyofuata.

Siku moja baada ya kuandika, Bwana Pua alikuja. Hakunusa. Alifungua mkoba akanionyesha utepe mwekundu, bunda zima jipya, akaurudisha ndani. Hakutaka kunidhalilisha, alinionyesha tu. Lakini mafundi wangu waliuona, wakaacha kukoroga. Yule fundi wangu mzee wa kusuuza akaanza kukunja aproni yake taratibu kama mtu anayejizoesha kuondoka.

Hilo lilinitoa pale. Nikapita kwenye tundu la uzio na aproni yangu, mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko, nikaenda kwa mama. Nilijua Povu hayupo, gari lake la kusambaza sabuni lilikuwa limetoka. Nilimkuta mama chumbani anachambua maharage kwa vidole, maana macho hayamsaidii tena. Nikakaa sakafuni miguuni pake. Sikuwa nimepanga kusema kitu. Unajua mambo ya biashara hatumwambii, daktari amekataza asisumbuliwe. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, mwenzangu kapata kibali. Mimi nimekosa."

Vidole vyake vikasimama. "Mdogo wako kapata kibali?"

"Kapata, mama. Tangu mwezi uliopita."

Akainua mikono yote miwili, maharage yakamwagika. "Mungu wangu, asante! Kumbe umeshampa, na hakuna aliyenieleza?"

Nikamwangalia. "Nimempa nini mimi?"

"Kibali! Si ndicho tunachokisema? Alikuja hapa kabla ya mvua, akapiga magoti hapo hapo ulipokaa, akaniambia, mama niombee, nisipopata kibali nimekwisha. Nikajua ni wewe tu. Nani mwingine anayemnyima? Nikamwombea kila asubuhi apate kibali machoni pa dada yake."

Mama Mdogo, nusura nicheke. Nikataka kumweleza kwamba mama, ni karatasi, kuna ofisi, kuna muhuri, wanapima maji kwa chupa. Lakini ningeanzia wapi? Ningemwambia hapana mama, hukusikia vizuri, kile ulichoomba wewe bado hajakipata? Maana ndiyo ulikuwa ukweli. Ofisi ilikuwa imempa. Mimi ndiye nilikuwa sijampa.

Nikaanza kuokota maharage. Mama akauliza, "Na wewe, ulikikosa kwa nani?"

Nikazidi kuokota.

"Nakuuliza. Kwa nani?"

"Kwako," nikasema. Wallahi sijui lilitokea wapi. Mwanamke mzima, nina mafundi, nina mkwe wako nyumbani, nikasema kwako, nikalia kama nimepigwa.

Hakunikumbatia. Unamjua dada yako. Alikasirika! "Kwangu? Unaniletea dawa umesimama. Unanipeleka kliniki unatazama saa. Nakuuliza kama umekula kwa sababu ndilo swali pekee unalolijibu kabla hujatoka. Huyo mwenzako nacheka naye kwa kuwa anakaa. Si kwa kingine. Anakaa! Sasa na wewe kaa."

"Nimekaa, mama."

"Umechuchumaa. Kaa."

Nikakaa. Akanivua kitambaa kichwani, akasema nywele zangu zimekuwa ngumu kama brashi ya viatu, akaagiza kitana kilichoko dirishani. Akaanza kunisuka. Haoni, Mama Mdogo, anasuka kwa kupapasa, mistari inakwenda anakotaka yeye. Akanisimulia jinsi wewe ulivyokuwa ukikimbia kusukwa na kujificha nyuma ya mtungi, nikacheka, akacheka. Sasa najua wanachekea nini jioni. Wanakucheka wewe.

Povu akatukuta hivyo hivyo. Aliingia na funguo za gari mkononi, akasimama mlangoni, akamtazama mama, akatazama kichwa changu. Nikaona kitu kinampita usoni, na nilikitambua mara moja maana nimeishi nacho. Kilikuwa kijicho!

"Mama," akasema, "mimi hujanisuka tangu niko shule."

Siwezi kukuficha, nilisikia raha tupu, mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikainamisha kichwa mama aendelee, wala sikuwa na haraka. Kisha nikaona anatuzungukazunguka hajui akae wapi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, nikamsogezea mto wa sakafuni. Akakaa. Tukawa tumekaa wawili miguuni kwa mama kama zamani, mmoja ananuka sabuni, mwingine magadi.

"Maji yangu nayaleta," nikamwambia.

Akatoa simu yake, akafungua pale pa maombi ya kibali, akasema kuna sehemu ya kuandika majina, nani atangulie. Nikangoja aseme, wewe dada, wewe ndiye mkubwa. Nilikuwa tayari hata kukataa kidogo kwa adabu kabla ya kukubali.

"Langu," akasema. "Shimo langu."

Ala! Damu ilinipanda. Nikageuka nimjibu, mama akanivuta nywele nitulie. Nikamtazama Povu. Alikuwa ameikazia macho ile simu, kidole kiko hewani, hakithubutu kubonyeza. Alikuwa ananiogopa. Mwenye fremu ya dhahabu, anaogopa dada yake atasemaje.

"Haya," nikasema. "Lako kwanza. Nimekubali."

"Amekubali nini?" mama akauliza juu yetu.

"Kibali, mama," Povu akajibu, na sauti yake haikuwa nzima.

Mama akaendelea kusuka. "Si niliwaambia kitakuja? Mimi siombi bure."

Kesho yake mafundi wangu walichimba mtaro kutoka kwenye mapipa mpaka uzioni, wakalaza bomba, maji yakateremka yenyewe bila kusukumwa. Tukaongeza mkaa na chokaa katika chumba cha pili, maana rangi ni kaidi kuliko sabuni. Bwana Pua alichota mara ya kwanza, akaona bado kuna ubluu, akatuambia tuongeze. Tukaongeza. Juzi alichota tena, akanyanyua chupa juani, akatazama upande huu akatazama ule, akatabasamu. Akamwambia Povu hongera. Na mimi akaniambia hongera, lakini baadaye kidogo. Nimeliona hilo.

Yule fundi wangu wa kusuuza ameikunjua aproni yake. Bondeni wanamwagilia mboga kila siku. Bata wa fundi baiskeli amerudi kuwa bata wa kawaida, na kwa maoni yangu amechuja.

Kibali kimetoka jana. Kimoja, majina mawili. Jina langu liko chini, na herufi zake naona ni nyembamba kidogo, ingawa mkweo anasema ni zilezile. Bado linanichoma, nisikudanganye. Nimemwambia Povu nataka nakala ya kutundika kwangu, na fremu nimeshaichagua, ni pana kuliko yake. Naye akasema basi atabadilisha ya kwake.

Lile ombi langu la simu liache. Mama abaki pale alipo. Siku hizi jioni naacha vitambaa kwenye kamba, napita kwenye tundu la uzio, nakaa. Povu ananitazama vibaya nikikalia mto wake. Namwacha atazame.

Wasalimie wajukuu wote mmoja mmoja, hata yule anayekataa kusema na watu kwenye simu. Msalimie mzee wa nyumba yako, umwambie koti aliloniachia nitie rangi lilitoka jekundu kwa bahati mbaya na ninalivaa mwenyewe. Mkweo anakuamkia. Povu anakuamkia, kanilazimisha niandike jina lake hapa na amesimama nyuma yangu anahakikisha.

Mama nilimsomea barua hii yote, hata yale ya juu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema, "Mwambie mdogo wangu arudi anitembelee. Kibali anacho, tangu zamani. Labda nilisahau kumwambia."

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akupe magoti ya kupandia gari la kurudi.

Ni mimi binti yako akupendaye, wa pili kwenye karatasi, wa kwanza kuzaliwa.